Shamba liko Muheza, mwenyewe yuko Mwanza

SWALI: Marehemu baba aliniachia shamba la ekari sita katika kijiji kimoja wilayani Muheza, Tanga. Ninaishi Mwanza na sijafika huko tangu 2019. Jirani aliomba alime mihogo, na sasa nasikia amepanda michungwa. Niuze, nikodishe, au niliache kwanza?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usiliache. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya hakimiliki ya kimila, yaani ardhi ya kijiji inayomilikiwa kwa mila na desturi, inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa ikiwa mwenyewe hajaikalia wala kuitumia kwa miaka isiyopungua mitano. Ni kweli kwamba tangazo hutakiwa kubandikwa kwanza katika ofisi ya kijiji na shambani kwenyewe, lakini wewe uliye Mwanza utalisomaje?

Michungwa inanitia wasiwasi kuliko mihogo. Muhogo huvunwa ukaisha, ila mchungwa ukishashika hukaa miaka mingi, na huku kwetu pwani aliyepanda mti hujiona ana haki juu ya mti huo hata kama ardhi si yake. Nimewahi kusimama katika shamba la namna hiyo: minyaa ya mpakani imeng'olewa, michungwa imefika kiunoni, na wazee wanaoujua mpaka wamebaki wawili tu.

Kuuza sasa sikushauri, kwa sababu mnunuzi atakayekuta miti ya mtu mwingine atakupa bei ya kutupa. Isitoshe, kama mirathi haijafunguliwa na msimamizi hajateuliwa na mahakama, huna bado uwezo wa kuuza.

Ukishakamilisha hilo la mirathi, safiri mwenyewe. Uzunguke mpaka pamoja na majirani na mtendaji wa kijiji, kisha umkodishe jirani huyo kwa maandishi, mwaka mmoja mmoja, kwa mazao ya muda tu, naye akiri humo kwamba shamba ni lako. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani, lakini aliyeingia kwa ruhusa hageuki kuwa mwenye mali kwa sababu tu amekaa sana. Ruhusa ya mdomo ndiyo hukanushwa mashahidi wakishafariki. Baada ya hapo uombe hati ya hakimiliki ya kimila. Na ile michungwa ihesabiwe siku hiyohiyo ya kuzunguka mpaka, mbele ya mtendaji, idadi yake iandikwe katika mkataba, pamoja na makubaliano ya kama atafidiwa au ataing'oa.