Meno ya wanangu yana rangi ya chai, nifanyeje?

SWALI: Naishi Maji ya Chai, Arumeru. Wanangu wawili meno yao ni ya kahawia, na shuleni wanaambiwa hawapigi mswaki. Wa tatu ana miezi minne. Maji ya chupa siyamudu. Nachemsha ya kisimani kila siku, wala sioni nafuu.
Mama watatu

JIBU: Pole, mama. Wanao wanasingiziwa. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe, mswaki hauifikii. Ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na kuingia katika maji mnayokunywa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya maji huko kwenu vina kiasi kinachozidi hicho kwa mara kadhaa. Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo ukichemsha sana unaizidisha.

Meno ya ukubwani hujijenga ndani ya ufizi tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, kwa hiyo wa kuwahiwa ni huyo mdogo. Mnyonyeshe, maziwa yako yana floraidi kidogo mno. Akianza uji, upikwe kwa maji ya mvua. Hapa wengi hukosea: mtoto anakunywa maji mazuri, uji wake unapikwa kwa ya kisimani.

Bati la mita 20 za mraba hukupa kama lita 16 kwa kila milimita ya mvua. Mvua ya mwanzo iache ioshe bati kwanza. Ndoo moja ya lita 20 kwa siku, ya kunywa na kupikia tu, kuanzia Juni hadi Oktoba inadai tenki la lita 3,000. Najua bei yake. Basi anza na pipa la lita 200 lenye mfuniko: kwa lita 3 za mtoto kila siku, linakwenda miezi miwili. Haya ndiyo ya kuchemsha.

Makande usiyatie magadi, nayo yana floraidi nyingi. Loweka mahindi na maharage usiku kucha.

Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama linalotengenezwa Ngurdoto, linafanya kazi, ila mkaa ukishachoka maji hutoka maangavu vilevile. Bila kupimwa hutajua.

Kwenye mkutano wa kijiji, dai majibu ya vipimo vya kila kisima. Visima viwili jirani vinaweza kutofautiana sana, na huenda chenye nafuu kiko hatua chache kutoka kwako.