Kabla ya kuruka kutoka kitandani

Naishi Umoja, Nairobi, na kazi yangu iko katikati ya jiji, kwa hivyo saa kumi na moja alfajiri niko macho. Mwezi wa pili tangu nianze dawa za presha, simu ililia nikaruka kutoka kitandani kama kawaida. Kufika mlangoni, giza machoni. Nikashikilia friji. Mke wangu alidhani nimepigwa na stima.

Nilitaka kuzitupa zile dawa. Bahati nzuri nilimuuliza daktari kwanza (na wewe usiache dawa kienyeji, tafadhali).

Kumbe ukisimama, karibu nusu lita ya damu hushukia miguuni na tumboni. Shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika, na juu kidogo ya moyo, kuna vihisio vinavyopima jinsi ukuta wa mshipa ulivyovutika. Ukuta huo ukilegea, habari hufika kwenye shina la ubongo, moyo unaambiwa ukaze mwendo na mishipa midogo ijibane. Ni sekunde chache tu, wala huna habari. Sasa dawa yangu kazi yake ni kulegeza mishipa, na mimi nainuka kama mtu anayefukuzwa na kanjo. Kule kujibana kukachelewa, damu ikapungua kichwani, ndipo nikaona giza.

Figo nazo hazina haraka. Presha ikishuka hutoa kemikali iitwayo renini, inayoanzisha safari ya kutengeneza angiotensini ya kubana mishipa, kisha aldosteroni inayozuia chumvi isitoke na mkojo. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo, na presha hupanda pole pole, kwa saa na hata siku. Ndiyo maana yule jamaa wa chipsi pale steji, anayetikisa kopo la chumvi kama anabariki umati, simwachii tena. Naomba zisiwekwe kitu.

Asubuhi sasa nakaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, nachezesha vifundo vya miguu, ndipo nainuka.

Ukienda kupimwa, kaa kimya dakika 5 kwanza, mkono uwe usawa wa moyo. Kisha omba upimwe tena ukiwa umesimama. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, mwambie daktari. Yangu ilishuka kwa 24, akanipunguzia dozi.