Kompyuta haioni diski: maswali ya wasomaji

SWALI: Diski yangu ya nje ya terabaiti 1 ina picha zote za nyumbani. Nikiichomeka kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows 10, taa yake inawaka, inalia tik-tik, kisha unakuja ujumbe "USB device not recognized". Kwenye laptopu ya shemeji inafunguka. Fundi ananiambia niifomati. Nikubali?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usikubali. Kufomati kunafuta mpangilio wa mafaili. Hakuongezi umeme wala hakutengenezi waya, na hapa tatizo linaelekea kuwa moja ya hayo mawili. Kabla ya jaribio lolote, irudishe kwenye laptopu ya shemeji unakili picha mahali pengine, kwa sababu diski inayokaribia kufa nayo hulia tik-tik.

Taa isikudanganye. Kichwa cha USB 2.0 kina vidole vinne: viwili vya pembeni ni vya umeme, viwili vya katikati ni vya data. Taa ikiwaka tunajua tu kwamba vya pembeni vimegusa, tena yenyewe hutosheka na miliampea chache. Mlaji wa umeme ni mota inayozungusha diski. Diski ya inchi 2.5 isiyo na adapta yake inaweza kudai karibu ampea 1 inapoanza kuzunguka, ilhali tundu la USB 2.0 kwa kiwango chake linatoa miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Umeme usipotosha, mota inaanza, volti zinashuka, mota inasimama, kisha inaanza upya. Mara nyingi tik-tik ni hiyo.

Basi chomeka nyuma ya kompyuta. Matundu ya nyuma yameunganishwa moja kwa moja na ubao mama. Ya mbele yanapitia waya mwembamba ndani ya kasha, na ndiyo yanayolegea kwa kuchomekwa kila siku. Ondoa waya wa kurefushia. Tumia kebo fupi, isiyozidi nusu mita, na ikiwezekana iwe ileile unayotumia kwenye laptopu ya shemeji, maana hiyo tayari imethibitika. Ikigoma bado, tafuta habu ya USB (kifaa cha kuongeza matundu) yenye adapta yake ya umeme. Habu isiyo na adapta haisaidii kitu hapa: inagawa umeme uleule mdogo.

Umeme na kebo vikiwa sawa, ndipo tuiguse Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, bonyeza Enter. Shuka hadi kwenye kundi la "Universal Serial Bus controllers". Ukiona alama ya njano, ifungue usome namba. Code 43 yenye maneno "Device Descriptor Request Failed" maana yake kompyuta imehisi kuna kifaa, ikakiuliza wewe ni nani, isipate jibu linaloeleweka. Bofya kulia, chagua "Uninstall device", kisha chomoa diski.

Sasa zima kompyuta, lakini shikilia Shift unapobofya "Shut down". Windows 10 ikizimwa kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake haraka kesho, na kosa linaweza kuhifadhiwa nalo. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hadi 30 umeme uliobaki uishe, rudisha waya, washa, chomeka diski nyuma.

Ikiwa diski inaonekana kisha inapotea baada ya dakika kadhaa, hiyo ni habari nyingine. Kwa njia ileile ya Windows na R fungua powercfg.cpl, ingia kwenye mipangilio ya kina ya mpango wa umeme unaotumia, na chini ya "USB settings" zima "USB selective suspend".

SWALI: Flashi ikichomekwa kompyuta inatoa mlio wake wa kawaida, lakini kwenye "This PC" haipo.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mlio umekwisha kusema kwamba kuna mawasiliano, kwa hiyo usihangaike na kebo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, bonyeza Enter, uitafute kwa ukubwa wake.

Ikiwa ipo na haina herufi, bofya kulia kwenye sehemu yake, chagua "Change Drive Letter and Paths", kisha "Add", uipe herufi isiyotumika, tuseme M. Umemaliza. Ikiwa imeandikwa RAW, Windows haielewi mpangilio wake wa mafaili na itakuomba uifomati. Kataa, utoe kwanza mafaili kwa programu ya kuokoa data. Ombi la "Initialize Disk" nalo likatae kama ndani kuna kitu unachokihitaji. Flashi iliyofomatiwa kwa APFS kwenye Mac, au kwa ext4 kwenye Linux, inaweza kuwa nzima kabisa: Windows haina tu uwezo wa kuisoma yenyewe.

Ukikuta "No Media", pole. Chipu inayoongoza flashi bado inajibu, ila haiifikii kumbukumbu, na hakuna programu ya kurekebisha hilo nyumbani.

SWALI: Simu ya Android inachaji tu, mafaili hayaonekani.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Telezesha chini sehemu ya arifa kwenye simu, gusa ujumbe wa USB, uchague kuhamisha mafaili. Ujumbe usipotokea kabisa, badilisha kebo. Kebo nyingi za bei rahisi zina nyaya mbili tu, za umeme, na kwa macho hazitofautiki na nyingine.

SWALI: Nimeweka Windows 7 upya. Kibodi ilifanya kazi mwanzoni, Windows ilipofunguka ikafa pamoja na mausi.
Msomaji, Kisumu

JIBU: Windows 7 haiji na draiva (programu za kuendeshea vifaa) za USB 3.0, Windows 8 ndiyo iliyoanza kuwa nazo. Hamishia vyote viwili kwenye matundu ya USB 2.0, ambayo kwa kawaida ni meusi, wakati ya 3.0 ni ya buluu. Rangi ni desturi tu, watengenezaji wengine hawaifuati, basi jaribu yote. Yakigoma, tumia kibodi ya PS/2 kama kompyuta ina tundu lake la duara, ufungue tovuti ya mtengenezaji wa ubao mama na kupakua draiva ya USB 3.0 ya Windows 7.