Barua kwa mwanangu: usiniandikie jina lake

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza swali ambalo watu wa kazi yetu ya upelelezi huliogopa: "Mama, nitajuaje kwamba ninayemfuata ni muuaji kweli, na si kivuli kilichoumbwa na akili yangu iliyochoka?" Unasema mjukuu wa mmoja wa marehemu ndiye aliyekukodi, kwamba una majina kumi na moja ya watu waliofariki katika nyumba moja ya kulelea wazee, kwamba wengi wao hawakuwa na mtu wa kuwatembelea, na kwamba polisi walikujibu kuwa wazee hufa. Umeniambia pia, na nakushukuru kwa kutonificha, kwamba umerudia pombe, kwamba usingizi umekukimbia, na kwamba usiku unakaa ndani ya gari mbele ya nyumba ya mtu mmoja ukilitazama dirisha lake mpaka taa izimwe.

Kuchoka kwako hakuthibitishi kwamba umekosea, wala hakuthibitishi kwamba umepatia. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo watakaokutazama macho yako mekundu na kuamua kwamba habari yote ni ya kichwani mwako, na najua kwamba wewe mwenyewe, saa tisa za usiku, unaweza kuyachukua mateso yako kuwa ushahidi, kana kwamba mtu hawezi kuumia hivi kwa ajili ya jambo lisilokuwapo. Anaweza. Mimi niliumia hivyo, na nitakueleza.

Kwanza jibu la polisi. Wazee hufa, ni kweli, na ukweli huo ndio maficho ya muuaji wa aina hii. Harold Shipman, daktari wa mji wa Hyde nchini Uingereza, aliwaua wagonjwa wake kwa miaka zaidi ya ishirini, na tume iliyoongozwa na jaji Janet Smith ilihitimisha mwaka 2002 kwamba wale waliotambuliwa walifika 215. Mwezi Machi 1998 daktari wa kituo cha jirani, Linda Reynolds, aliona kwamba yeye na wenzake wanaombwa kutia saini fomu za kuteketeza maiti za wagonjwa wa Shipman mara nyingi kupita kiasi, na kwamba wengi wa marehemu walikuwa wanawake wazee waliokutwa wamekaa kitini na nguo zao za mchana. Akapeleka taarifa kwa afisa anayechunguza vifo. Polisi walilichunguza jambo hilo kwa wiki chache wakalifunga, bila hata kugundua kwamba daktari huyo alikwisha kuhukumiwa mwaka 1976 kwa kughushi vyeti vya dawa. Baada ya faili kufungwa aliua watu watatu zaidi.

Aliyemkamatisha ni binti wa yule wa mwisho, mwanasheria, ambaye alioneshwa wosia wa mama yake uliomwachia Shipman mali, akaona kwamba mama yake hangeweza kuuandika vile. Kaburi likafukuliwa, na ndani ya msuli wa paja la marehemu ikakutwa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Lakini jambo ninalotaka ulizingatie zaidi ni lile la kompyuta. Shipman alikuwa ameongeza katika kumbukumbu za wagonjwa maradhi ambayo hawakuwa nayo, akiandika tarehe za nyuma, asijue kwamba mashine imehifadhi siku na saa halisi ambayo kila neno liliingizwa. Kila unapohisi kwamba umempata mtu wako kwa jinsi anavyokutazama, kumbuka kwamba yule alipatikana kwa wosia, kwa kipande cha msuli wa paja, na kwa saa iliyomo ndani ya kompyuta.

Kwa hiyo huenda umepatia. Sasa nikusimulie nilivyokosea.

Ulikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Katika makazi ya watu wasio na pa kulala walifariki watu watatu katika kipindi cha baridi moja, wote usiku, wote chumba kimoja, na hakuna maiti iliyopasuliwa kwa sababu hakuna ndugu aliyeidai. Nilimshuku mlinzi wa usiku. Alikuwepo zamu zote tatu, alikuwa mkimya, na aliponijibu alitazama viatu vyake. Nilinunua daftari jipya, nikaandika jina lake juu ya kila ukurasa kabla sijaandika kitu kingine chochote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kalamu nyekundu. Unaona kosa lilipo? Kila nilichokiandika chini ya jina lile kilimhusu yeye, hata kama ni mlango uliokuwa wazi au blanketi lililopotea. Nilimfuata miezi tisa. Mwajiri wake alipata habari, akamfukuza, na mkewe akaondoka na watoto. Kisha mwaka uliofuata fundi akaja kutengeneza hita ya gesi katika chumba kile, akakuta bomba la kutolea moshi limezibwa na kiota cha ndege. Wale watu watatu walikuwa wamevuta hewa yenye sumu wakiwa usingizini.

Yule mlinzi alikuwepo zamu zote tatu kwa sababu alikuwa akifanya kazi kila usiku. Sikuwahi kuhesabu usiku ambao alikuwepo na hakuna aliyekufa. Nilikwenda kumwomba radhi; alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani, na sikustahili kukaribishwa. Hukuwahi kuujua mkasa huu, ulichojua wewe ni kwamba mwaka ule mama yako hakuwa akila na wewe mezani.

Kosa langu halikuwa la ajabu, na limefanywa na watu wenye elimu kuliko mimi. Nchini Uholanzi muuguzi Lucia de Berk alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2003 kwa kuwaua wagonjwa, na kesi ile ilibebwa na hesabu iliyodai kwamba uwezekano wa muuguzi kuwepo kwenye matukio yote yale kwa bahati tu ni mmoja katika milioni 342. Wanahisabati walipoipitia upya waliona kwamba hesabu ilikuwa imepikwa tangu jikoni: vifo vilivyokuwa vimeandikwa kuwa vya kawaida viligeuzwa kuwa vya kutiliwa shaka baada ya kuonekana kwamba yeye alikuwa zamu. Aliachiwa huru kabisa mwaka 2010, akiwa amekwisha kupata kiharusi gerezani. Hapakuwa na muuaji. Kulikuwa na wagonjwa mahututi waliofariki, na jina lililoandikwa juu ya ukurasa.

Tena hata pale muuaji yupo kweli, jina au sauti inayotangulia hupofusha. George Oldfield, aliyeongoza msako wa muuaji wa wanawake huko Yorkshire, alitumiwa mwaka 1979 kanda yenye sauti ya mtu aliyejidai kuwa ndiye. Akaiamini mno. Watu waliokuwa na lafudhi tofauti wakaondolewa kwenye orodha, na mmoja wao alikuwa Peter Sutcliffe, muuaji mwenyewe, ambaye polisi walimhoji mara tisa katika miaka ya msako. Wanawake watatu waliuawa baada ya kanda ile kufika. Oldfield alipata mshtuko wa moyo mwaka huohuo. Sijawahi kumcheka. Alikuwa mtu aliyejali hadi mwili ukamshinda, na kujali kwake hakukumsaidia kusikia vizuri.

Basi jibu langu kwa swali lako ni hili: utajua pale mtu mwingine, ambaye hakuambiwa jina, atakapoanza kwa marehemu na kufika kwa mtu huyohuyo. Hisia zako haziwezi kulithibitisha hilo, wala dirisha lile haliwezi.

Tengeneza jedwali. Weka kila kifo kilichotokea katika nyumba ile kwa miaka mitatu, si yale kumi na moja uliyoyachagua, kwa maana kumi na moja yale uliyachagua ukiwa tayari na mtu moyoni. Andika saa ya kifo, chumba, maradhi aliyokuwa nayo, daktari aliyetia saini cheti, iwapo maiti ilipasuliwa, nani alimkuta. Kisha ratiba nzima ya zamu, pamoja na siku ambazo hakuna aliyefariki. Mjukuu aliyekukodi ana haki ya kuomba kumbukumbu za bibi yake; zilizobaki ziombe kwa njia za halali, na pale utakaponyimwa, andika tarehe uliyonyimwa na cheo cha aliyekunyima. Usiingie chumbani kwa mtu, usichukue chupa ya dawa. Wewe huna mamlaka ya kupekua, na kielelezo kitakachopita mikononi mwako kwa namna hiyo kitamwokoa mshukiwa mahakamani.

Lakini usingoje jedwali likamilike, kwa sababu kuna wazee wanaolala katika vitanda vile usiku huu. Andika taarifa kesho kwa mamlaka inayokagua nyumba za wazee, uombe kwamba daftari la dawa kali kama mofini likaguliwe na chupa zenyewe zihesabiwe, na kwamba atakayefariki baadaye asizikwe wala kuteketezwa kabla ya kupimwa damu. Usimtaje mtu. Hesabu ya dawa ni ukaguzi wa kawaida, haimvunjii mtu heshima kama hana hatia, nayo humzuia aliye na hatia bila kumwonyesha kwamba yuko mtu aliyemwona. Wale polisi waliokujibu kwamba wazee hufa, rudi kwao na karatasi, si na hasira.

Kuhusu pombe, mwanangu, sitakuhubiria. Nasema tu kama mpelelezi: ulichokiandika ukiwa umelewa kiwekee alama pembeni na usikiingize kwenye jedwali. Wale wazee walikosa mtu wa kuwahesabu walipokuwa hai. Hesabu yao sasa iko mikononi mwako, na wanahitaji mikono isiyotetemeka. Nenda kwa yule mshauri aliyekusaidia mara ya kwanza. Ukiona aibu kwenda peke yako, nitakuja tukae naye wote wawili.

Ukimaliza jedwali nitumie nakala. Majina ya walezi na wauguzi yageuze kuwa namba, orodha inayoonyesha namba ipi ni ya nani ibaki kwako peke yako, na jina la huyo unayemshuku usiniandikie, wala usinidokezee kama ni mwanamume au mwanamke. Nitakaa nalo siku nzima. Kisha nitakupigia simu nikutajie namba niliyoifikia, au nikuambie kwamba sikufikia namba yoyote. Hadi hapo, naomba gari lako lisionekane tena mbele ya nyumba ile.

Ni mimi mama yako,
nikupendaye.