Nukta nyekundu yenye mkia: ila iko kwenye kifaa au kwenye jicho?

SWALI: Salaam aleikum wahariri. Nina darubini ya kutazamia nyota, na juu yake pamefungwa kile kilengeo kidogo chenye nukta nyekundu. Niliambiwa nukta ni ya mviringo, lakini mimi naona kama koma, mkia wake umelalia kulia. Nilikirudisha dukani nikapewa kingine, na koma ni ileile. Mume wangu akichungulia anaona nukta safi. Je, nikirudishe tena? — Msomaji wa kike, Kizingo, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Usikirudishe. Vilengeo viwili tofauti vimekuonyesha koma moja, na mwenzio haioni. Hapo tunashuku jicho lako kabla ya kushuku kiwanda, na unaweza kulihakikisha mwenyewe nyumbani.

Ndani ya kilengeo mna taa ya LED ndogo mno, imewekwa kwenye fokasi, yaani pahali pa kukutania miale, ya kioo kilichopinda. Kioo hicho kimepakwa utando unaorudisha mwanga mwekundu na kuziachia rangi nyingine zipite. Miale inayorudi kwako huja sambamba, sawa na miale ya nyota, na ndiyo sababu nukta huonekana iko mbali angani ingawa taa yenyewe iko sentimita chache tu kutoka kwenye kioo. Kazi ya kuikusanya miale hiyo iwe nukta inabaki kwa jicho. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, ikiwa imepinda zaidi kwa mwelekeo mmoja kuliko mwingine, miale haikutani pahali pamoja kwenye retina, ule utando wa nyuma wa jicho unaopokea picha, na nukta inavutika: mara koma, mara mstari, mara nyota yenye miiba, mara kishada. Hali hiyo ni astigmatizimu. Watu wengi wanayo kidogo na hawana habari, kwa kuwa mchana mboni ni ndogo na vitu vina kingo nyingi za kulisaidia jicho. Nukta kali gizani huifichua papo hapo.

Hesabu yake si ngumu. Mboni ikifunguka milimita 4 na astigmatizimu ikiwa daiopta 1 (daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), mvutiko unaweza kufika karibu dakika 14 za pembe; dakika 60 ni digrii moja. Mwezi mpevu una upana wa dakika 30 hivi. Basi nukta iliyotengenezwa iwe na dakika 2 inaweza kunyooka ikakaribia nusu ya mwezi! Mboni ikifika milimita 6 usiku wa giza, mvutiko nao unafika dakika 21. Ndiyo maana kilengeo kilichoonekana kizuri dukani jioni huharibika ukipanda nacho darini.

Sasa vipimo. Kifungue kilengeo, kishike mkononi, kielekeze kwenye ukuta ulio mita 10 au zaidi, kisha punguza mwanga wa nukta hadi uone kwa shida. Kizungushe robo duara. Mkia ukizunguka pamoja na kifaa, ila ni ya kifaa. Ukibaki umelalia kulia vilevile, ni jicho. Halafu kiache kifaa kimetulia na uinamishe kichwa kuelekea begani: mkia wa jicho hufuata kichwa. Kipimo cha tatu ndicho tunachokiamini zaidi. Toboa karatasi ngumu kwa sindano nene, tundu la milimita 1 hadi 2, uliweke karibu kabisa na jicho. Nukta ikijikusanya ikawa mviringo, hapana shaka tena. Picha ya simu husaidia pia, lakini kwa tahadhari: simu huzidisha mwanga na kuifanya nukta itapakae. Ilenge kwanza kwenye kitu cha mbali, ufunge fokasi hapo, ndipo ushushe mwangaza.

Tiba ni miwani yenye silinda, yaani lenzi yenye nguvu ya ziada kwa mwelekeo mmoja tu. Mwombe mpima macho akuandikie namba ya silinda pamoja na mhimili wake, yaani pembe inayokaa silinda hiyo, maana silinda iliyowekwa kwa mhimili usio wake haisaidii kitu. Miwani iwe ya kuonea mbali; ile ya kusomea itaitia nukta ukungu zaidi. Kama ni ya sehemu mbili, tazama kwa sehemu ya juu. Wengi huvua miwani wakifika kwenye darubini, kwa kuwa lenzi ya kuchungulia huzungushwa mpaka picha itulie. Kilengeo hakina cha kuzungusha, kwa hiyo kiendee na miwani usoni. George Airy, mwanaastronomia wa Uingereza, alijibunia lenzi ya silinda mwaka 1825 kwa sababu ya jicho lake la kushoto, kwa hiyo dawa hii ni ya siku nyingi.

Wakati unasubiri miwani, shusha mwanga wa nukta hadi chini kabisa na ukazie macho nyota, si nukta. Jaribu jicho la pili pia. Mara nyingi macho hayalingani. Karatasi yenye tundu iache nyumbani, kwani usiku itakuzimia nyota zenyewe.

SWALI: Yangu si koma, bali nukta ina utusitusi pande zote, na ulianza kidogokidogo. Darubini huiweka barazani, nyumba inatazama bahari. — Msomaji, Nyali

JIBU: Hiyo ni chumvi, na kusi ikivuma huzidi. Usipanguse kikavu hata kidogo, kwa sababu chembe za chumvi zitaukwaruza utando wa kioo. Puliza vumbi kwa pampu ya mpira. Kisha lowesha karatasi ya lenzi kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), uiguse kwenye kioo ili chumvi iyeyuke, na upanguse taratibu kutoka katikati kwenda kingoni. Badilisha karatasi kila mara. Dawa ya kusafishia lenzi ije mwisho, nayo itiwe kwenye karatasi, isinyunyiziwe kioo. Vilengeo vingi vya bei nafuu vina lenzi ya plastiki, kwa hivyo asetoni isikaribie. Usisahau kitundu cha LED: uzi mmoja wa vumbi hapo hubadilisha umbo la nukta, na umbo hilo litazunguka pamoja na kifaa. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, ni kuvu, na kufuta kwa nje hakutaiondoa. Hifadhi kilengeo kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.

SWALI: Betri dhaifu inaweza kupinda nukta? — Msomaji, Likoni

JIBU: La. Betri ikichoka nukta hufifia au hupepesa, lakini umbo halibadiliki. Itoe betri kama hutakitumia kilengeo kwa wiki kadhaa. Kwa unyevu wa Pwani, vibati vyake hushika kutu upesi.