Jibu: Kuteleza kwenye mizizi ya njia ya msituni

Ndugu yangu, umesema kila ukifika na baiskeli kwenye ule mteremko wenye mizizi iliyolowa gurudumu la mbele linateleza na unajikuta chini, na sasa unataka kubadilisha tairi. Usinunue kitu kwanza. Nimeanguka hivyo mara nyingi, goti langu ni shahidi, na tairi hazikuwa na kosa.

Tazama unapokamata breki. Mzizi wenye maji huteleza kama sabuni. Ukibana breki ya mbele juu yake, au ukikata usukani, gurudumu halina pa kushika. Punguza mwendo kabla hujaufikia, kisha achia breki na uuvuke moja kwa moja, si kimshazari. Shusha kiti, simama juu ya pedeli zikiwa usawa, viwiko na magoti yalegee. Macho yaende mita kadhaa mbele. Ukiukodolea mzizi, utauparamia huohuo!

Upepo wa tairi punguza kidogo kidogo, ila si mpaka rimu igonge mawe.

Sehemu inayokutisha ishukie kwa miguu kwanza. Mimi bado hufanya hivyo, hasa baada ya mvua.

Huo mkono uliosema unauma chini ya kidole gumba tangu ulipoanguka usiuchue wala kuufunga tu kitambaa. Kuna mfupa mdogo hapo ambao huvunjika bila uvimbe mkubwa, kwa hiyo nenda hospitali upigwe eksirei kabla hujapanda baiskeli tena. Na kofia ya kinga iliyogonga chini ibadilishe, hata kama huoni ufa.