Maswali ya Wasomaji: Rili Zinazonuka Siki

SWALI: Nina makopo manne ya filamu za zamani za milimita 16, hazina sauti, na zinanuka siki. Nataka kuzitumia kutengeneza filamu yangu ya sanaa. Naweza kuzipitisha kwenye projekta kwanza nione kilichomo?

JIBU: Tafadhali usizipitishe bado. Harufu hiyo ni ya asidi ya asetiki: plastiki ya mkanda, yaani asetati, inavunjika, na asidi inayotoka huzidi kuharakisha uharibifu. Yatenge makopo hayo na filamu nyingine leo hii. Mkanda ulioathirika husinyaa, meno ya projekta yakakosa matundu ya ukingoni mwa mkanda na kuyapasua.

Vaa glavu, ruka kipande cha mwanzo (mara nyingi kiliungwa baadaye na hakina umri sawa na picha), kisha laza mkanda sambamba na futi ya chuma. Pima kuanzia ukingo wa tundu la kwanza hadi ukingo uleule wa tundu la 101. Mkanda usiosinyaa hutoa milimita 762 hivi. Ukipata 754 au pungufu, umesinyaa zaidi ya asilimia 1, na projekta itauumiza. Pima sehemu tatu, maana rili haisinyai sawasawa.

Kuona kilichomo, zungusha rili kwa mkono juu ya meza yenye taa, lenzi ya kukuzia mkononi, upande usiong'aa ukiwa juu. Halafu tafuta skana inayovuta mkanda kwa rola zisizo na meno. Agiza upana wote uskaniwe, matundu yakiwemo, kila fremu (picha moja moja ya mkanda) na faili lake, bila kusafisha mikwaruzo wala kutuliza mtikisiko. Kusafisha unaweza baadaye. Mkwaruzo uliofutwa na skana haurudi. Na huenda ukauhitaji: msanii wa filamu Bruce Conner, katika filamu yake A Movie ya 1958, aliifanya hata mikanda ya kuhesabia mwanzoni mwa rili (ile yenye namba zinazoshuka) kuwa picha kamili. Usikate mkanda wenyewe. Kata faili.

SWALI: Baada ya kuskani, watu wote wanatembea mbiombio. Nimeshauriwa nitumie programu inayobuni fremu za katikati.

JIBU: Hapo tunakuomba ukatae. Inaelekea filamu ilipigwa kwa fremu 16 kwa sekunde, nawe unaiendesha kwa 24. Rili ya futi 400 ina fremu 16,000: kwa kasi ya 16 ni dakika 16 na sekunde 40, kwa 24 ni dakika 11 tu na ushee. Dawa yake ni kurudia kila fremu ya pili: 1, 2, 2, 3, 4, 4. Kama ilipigwa kwa 18, rudia kila ya tatu: 1, 2, 3, 3. Kasi ya kweli itafute kwa macho. Tazama maji yanavyomwagika au kitu kinavyodondoka, kwa kuwa vitu hivyo havina haraka wala uvivu.

Ile programu hukisia. Mkono ukipita mbele ya uso, tazama fremu moja moja: vidole vinayeyukia shavuni, kisha kinaota kidole ambacho hakikuwepo mbele ya kamera. Ukijenga kazi juu ya picha za kale, unamwomba mtazamaji aamini kwamba alichokiona kilitokea. Ukitaka polepole, rudia kila fremu mara nne. Itakuwa na kigugumizi, lakini kila kinachoonekana kitakuwa kilipigwa kweli.

SWALI: Rili ni zangu. Ninahitaji ruhusa ya mtu?

JIBU: Huenda. Kumiliki mkanda si kumiliki hakimiliki ya picha. Soma lebo za makopo na majina yaliyomo kwenye filamu, umtafute mpigaji au warithi wake, na uombe kibali cha maandishi kabla ya kuanza kuhariri. Ukisubiri umalize, mtu mmoja akikataa tukio moja, unaifumua filamu nzima.